Barua Niliyomwandikia Debora

Debora hakuwa na desturi ya kugonga mlango. Aliweka bidoni ya maziwa juu ya jiwe la kizingiti, ikalia kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, muko?" kana kwamba ningeweza kuwa mahali pengine saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi ni mjane. Mume wangu alifariki zamani, kabla hatujapata mtoto, na nyumba aliyoniachia hapa Uvira, nusu ya njia kati ya soko na mpaka wa Kavimvira, ina viti sita na mtu mmoja. Siku nyingi mlio wa bidoni ile ndio uliokuwa sauti ya kwanza kuingia kwangu. Wakati wa likizo, shule zikifungwa, mara nyingine ulikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Asubuhi ninayoikumbuka zaidi haikuwa na jambo lolote. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa tope tupu, na Debora alikuwa ameshika kandambili zake mkononi ili zisichafuke. Alinipimia vikombe viwili kama kawaida. Nikaonja, nikamwambia, "Debora, haya maziwa umeyabatiza kwa maji."

"Mwalimu, miye niko chini ya nidhamu. Ruhusa ya kubatiza nitaitoa wapi?"

Tulicheka, yeye kuliko mimi. Neema, mtoto wake wa miezi saba, alitikisika mgongoni kwa kicheko cha mama yake akaamka. Debora akakaa kwenye ngazi amnyonyeshe, nami nikaleta kiti changu karibu. Hatukuongea mengi. Nilikuwa naziita zile dakika kumi "kusubiri maziwa yachemke", lakini jiko lilikuwa halijawashwa.

Kwa asiyejua makanisa yetu, nieleze hiyo nidhamu. Mshirika akianguka katika dhambi inayojulikana, baraza la wazee linamweka chini ya nidhamu. Jina lake linaandikwa kwenye daftari. Anakaa benchi la nyuma, haimbi katika kwaya, hashiriki meza ya Bwana, mpaka siku atakaposimama mbele ya kanisa na kutubu, na wazee wampe mkono. Daftari hilo lilikuwa langu. Nilikuwa mwandishi wa kanisa kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu, kama wazee walivyopenda kusema, Mwalimu hajui kudanganya. Nilipenda kusifiwa hivyo. Sioni sababu ya kulificha hilo sasa.

Kosa la Debora lilikuwa kuishi na Ruben bila ndoa. Wote wawili walitoka mulimani, kule Haut-Plateau juu ya mji wetu, kwa wafugaji. Ng'ombe waliokuwa wametengwa kwa mahari yake walichukuliwa na watu wenye silaha, wote, kwa siku moja. Bila ng'ombe familia haikuweza kumtoa, na bila familia kanisa halikuweza kufunga ndoa. Basi wakashuka Uvira wakiwa na nguo walizovaa, wakapata chumba, Debora akachuuza maziwa ya watu, wakaishi. Mtoto alipozaliwa, wazee wakakutana, nami nikaandika kwa wino wa bluu: Debora, kuishi na mwanaume bila ndoa. Nikapiga mstari chini kwa rula.

Kesho yake alileta maziwa kama siku zote. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, jina yangu muliandika muzuri?"

Nikamwambia ndiyo. Akashukuru.

Vita vilikuja kutoka uwanda wa Ruzizi. Kwanza walipita wakulima wenye magodoro kichwani na mbuzi wa kamba. Baadaye wakapita askari bila kofia, wengine bila viatu, wasiomtazama mtu usoni. Siku ya tatu tukasikia milio yenyewe, mizito, upande wa kaskazini, na mji ukaanza kujigawa: wenye uwezo walishuka Kalundu kutafuta boti, wengine wakaelekea Kavimvira kwa miguu ili wavuke Burundi.

Mchungaji wetu alipata nafasi kwenye boti. Simlaumu, ana watoto saba. Kabla ya kuondoka alinipitia akanipa muhuri wa kanisa, umefungwa katika leso. "Kashe ibaki kwako, Mwalimu. Watu watahitaji barua. Uandikie watu, lakini ufuate kanuni."

Barua aliyosema ni barua ya ushirika. Zamani tulimpa mshirika anayehamia parokia nyingine, ili apokelewe huko kama ndugu. Maneno yake hayabadiliki: mwenye barua hii ni mshirika wetu mwaminifu, hana neno lolote katika kanisa. Siku zile ilipata kazi nyingine. Vijana wenye bunduki walikuwa wameweka bariere, kizuizi cha barabarani, kabla ya mpaka, wakimuuliza kila mtu ametoka wapi na nani anamjua. Wengi walikuwa wamepoteza karte zao za uchaguzi, au zimeungua na nyumba. Barua yenye muhuri wa kanisa linalojulikana mjini ilitosha. Kuanzia alfajiri niliketi barazani na karatasi za madaftari ya wanafunzi, watu wakipanga mstari hadi barabarani.

Niliandika barua nyingi asubuhi ile. Nilimwandikia mzee mmoja wa baraza letu. Mji mzima ulijua kwamba ana mwanamke na watoto Kalundu, zaidi ya mke wake wa kanisani. Jina lake halikuwamo katika daftari. Niliandika: hana neno lolote. Mkono wangu haukusita hata kidogo.

Debora alifika kama saa sita, wakati mstari ulikuwa umekwisha. Hakuwa na bidoni. Alikuwa amemfunga Neema mgongoni kwa vitenge viwili, na jasho lilikuwa limemlowesha.

"Mwalimu, munisaidie barua. Ruben iko Bujumbura, alienda kutafuta kazi. Nataka nimufuate. Ile karte yangu ilibakia kule mulimani, mu moto."

Nilijua kwa nini anaihitaji kuliko wote walionitangulia siku ile. Yeye alikuwa mtu wa mulimani, na siku zile kuwa wa mulimani kulitosha kukufanya ushukiwe kuwa upande wa maadui, uulizwe maswali ambayo sisi wengine hatukuulizwa. Nilijua. Sitaki mtu anitetee kwa kusema sikujua.

Nilichukua karatasi, nikaandika jina lake, kisha nikafika kwenye yale maneno, nikaacha.

"Debora, hii siwezi kuandika. Hana neno lolote, wakati niko nalo hapa mu daftari."

"Mwalimu..."

"Weye mwenyewe unajua. Nikiandika, itakuwa bongo, uongo mutupu, na kashe ya kanisa juu yake."

Hakubishana. Laiti angebisha, angepiga kelele, angenikumbusha yule mzee wa Kalundu! Aligeuza shingo kumwangalia mtoto, kisha akasema, "Basi muandike ya kweli. Bora kashe iwe pale."

Nikaandika ya kweli. Mwenye barua hii ni mshirika wetu, kwa sasa yuko chini ya nidhamu ya kanisa. Niligonga muhuri, nikaupulizia wino ukauke. Niliona nimepata njia ya kumsaidia bila kumkosea Mungu, nikajisikia mwepesi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilimtazama akitoka mlangoni kwangu na karatasi ile, na moyo wangu ulikuwa na furaha.

Bomu la kwanza kwa upande wetu lilianguka karibu na ziwa baada ya saa moja. Mabati yalitikisika, vumbi likashuka kutoka darini. Nilikuwa nimeapa sitaondoka. Nilikaa sebuleni nikivitazama viti vyangu sita, la pili likaanguka karibu zaidi, nikagundua kwamba nikifia mle hakuna mtu atakayejua mpaka nianze kunuka. Nikachukua leso yenye muhuri, daftari, chupa ya maji na shuka, nikafuata watu.

Bariere ya Kavimvira ilikuwa kamba ya nailoni, imefungwa kwenye nguzo ya umeme upande huu, na upande wa pili kwenye meza ya mbadilisha fedha iliyopinduliwa. Mstari ulikuwa mrefu. Mtu hakusema na mwenzake. Tulisogea hatua, tukasimama, tukasogea.

Nilipokaribia nikamwona Debora.

Alikuwa amekaa chini, kando ya ukuta, na wanaume wawili nisiowajua. Mtoto alikuwa mapajani.

Kijana aliyekuwa akisoma karatasi nilimfundisha. Jina lake silitaji, mama yake angali hai. Alikaa darasani kwangu katika mwaka wa nne, safu ya dirishani, na alikuwa msomaji mzuri kuliko wote.

"Mwalimu! Na weye unakimbia?"

"Niko napita tu."

Aliinua karatasi. "Hii mwandiko iko yako."

"Iko yangu."

"Huyu mama unamujua?"

"Namujua. Ananiletea maziwa kila asubuhi. Iko muntu ya kanisa yetu."

Nyuma yake alisimama mtu mzima mwenye miwani myeusi, ambaye kila mmoja pale alionekana kumwogopa, hata yule kijana. Kijana akasogea karibu nami, akapunguza sauti.

"Hapa umeandika iko chini ya nidhamu. Iko vile mpaka leo, ao mulisha kumurudisha?"

Mpaka leo naamini alikuwa ananifungulia mlango.

"Sema tu, Mwalimu. Weye hauna bongo, sisi wote tunajua. Ulitupiga fimbo sababu ya bongo."

Ningeweza kusema: tumemrudisha, Jumapili iliyopita, nilisahau kubadilisha. Maneno hayo hayafiki kumi. Yangetoka mdomoni mwa mtu ambaye mji huu haukuwahi kumsikia akidanganya, na nadhani yangepokelewa.

Nilimtazama Debora. Hakunisihi hata kwa macho. Alikuwa anamfunga Neema kofia.

Niliogopa. Niliogopa yule mwenye miwani, na niliogopa pia kitu kingine, kwamba miaka yangu yote ya kusema kweli itaisha pale kwenye kamba ya nailoni, mbele ya mwanafunzi wangu.

"Iko kweli," nilisema. "Bado hajarudishwa. Lakini ni muntu muzuri, anapenda..."

Mwenye miwani hakungoja. "Kama kanisa yake yenyewe ilimukatala, sisi tumubebe sababu gani?"

"Si kumkatala!" Nilisema kwa sauti yangu ya darasani. "Nidhamu si kumkatala mtu!"

Watu wawili watatu walinigeukia. Mwenye miwani alikuwa ameshanipa mgongo, anaita gari.

Debora alisimama. Alimbeba Neema pamoja na vile vitenge viwili, akaniletea. Alinipa kwa mikono miwili, kama alivyozoea kunipa kikombe cha maziwa, na goti lake likashuka kidogo, kwa heshima.

"Mwalimu, mumupeleke kwa baba yake."

Nikampokea.

Kijana akaniinulia kamba. Kabla sijapita aliirudisha barua mkononi mwangu. Alikuwa ameikunja mara mbili, pembe juu ya pembe, kama nilivyowafundisha.

Debora na wale wanaume wawili walipandishwa kwenye pikapu. Ilipogeuka kurudi upande wa mjini nilimwona ameshika ukingo wa gari, ananitazama, au anamtazama mtoto. Kisha lori likapita katikati yetu, na lilipomaliza kupita gari halikuwapo tena. Wengi wameniuliza kama nilisikia risasi. Siku ile risasi zilikuwa kila mahali. Nilichosikia mimi ni Neema akilia.

Sijamwona Debora tena, wala sijakutana na aliyemwona.

Ng'ambo tulikaa chini ya mahema, na Neema alikataa kila kitu isipokuwa maziwa. Nilimbeba mgongoni kwa vitenge vile vile viwili, mimi ambaye sikuwahi kubeba wangu. Alijifunza kutambaa juu ya shuka langu. Usiku alilala ameshika kidole changu, nami nilikuwa na raha, nikaona haya kuwa na raha, lakini nilikuwa nayo. Kwa miezi ile sikuwa mtu wa peke yake.

Ruben alitupata baada ya kuzunguka mahema mengi. Nilimweleza yote, tangu barazani mpaka kwenye kamba, nikampa ile barua. Aliisoma akiwa amesimama, taratibu, mara mbili. Nilingoja anipige, au alie.

"Muko na mwandiko muzuri, Mwalimu," alisema.

Akanirudishia. Sijui mpaka leo kama yalikuwa matusi au alikosa tu neno lingine. Alimchukua binti yake, kama ilivyo haki yake, wakaenda zao. Neema alinyoosha mikono kwangu kupitia bega la baba mpaka walipofika kwenye mabomba ya maji. Pale akaishusha.

Miaka imepita. Nimerudi Uvira, katika nyumba ile ile. Waporaji walichukua milango, lakini viti viliachwa, sijui kwa nini. Nimekuwa na muda mwingi wa kufikiri juu ya kuishi vizuri mbele za Mungu, jambo nililolifundisha kama vile ni hesabu za kujumlisha. Watu wa kanisa ni wema. Wananiambia uliokoa mtoto. Wananiambia hukudanganya, damu yake haiko juu yako. Nawaitikia, na wakishaondoka nabaki na baridi.

Ile amri inayokataza ushuhuda wa uongo inamtaja jirani. Niliwasomea watoto mara nyingi mno na sikulisikia neno lile. Mungu hakuwa analinda maneno yasichafuke, alikuwa anamlinda mtu. Mimi nililinda maneno. Tena hata hayo hayakuwa kweli yote, yalikuwa kweli ya daftari tu, maana asubuhi ile ile nilimsafisha mzee wa Kalundu kwa wino ule ule. Sisemi kwamba uongo wangu ungemwokoa Debora. Labda wangemchukua hata hivyo. Lakini angeondoka akijua kwamba mtu mmoja alisimama upande wake, na hilo lilikuwa mkononi mwangu, nikamnyima.

Tuliporudi niliomba baraza lifute jina lake. Mzee wa Kalundu, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alisema kanuni inamtaka mwenyewe asimame mbele ya kanisa. Nikampigia simu Ruben, nikidhani atanisaidia kugombana nao.

"Mumuache humo, Mwalimu," alisema. "Mukimufuta, itakuwa kusema hatarudi. Kule kwetu hakuna mwenye aliandika jina yake pahali ingine."

Basi jina limebaki, na mstari wangu wa rula chini yake.

Nikaomba jambo la pili: waniweke mimi chini ya nidhamu. Wazee wakatazamana. Mwenyekiti akauliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, tuandike zambi gani?"

"Andikeni: alimwacha jirani yake."

"Hiyo haiko mu orodha, Mwalimu. Na weye ulisema ukweli."

Wakaniombea, wakaniambia nikapumzike. Nilikwenda nyumbani, nikafungua daftari, nikachukua wino wa bluu. Chini ya jina la Debora niliandika langu, na kosa langu mbele yake, kwa mwandiko mzuri.

Tangu hapo nakaa benchi la nyuma, upande wa dirisha, alipokuwa akikaa yeye na mtoto wake. Walinibembeleza nirudi mbele, wamechoka. Wengine wanasema Mwalimu amekuwa mkaidi uzeeni. Jumapili ya meza ya Bwana sahani hupita kutoka mkono hadi mkono mpaka kwetu nyuma. Inapofika kwangu naipokea kwa mikono miwili, mkate unanukia, nami naipeleka kulia, kwa mama anayefuata. Kushoto kwangu pana nafasi ya mtu mmoja. Sijamruhusu mtu kukaa hapo.